Vimondo Havionekani Uani? Kagua Saa Kabla ya Kulaumu Anga

Kila ikitangazwa mvua ya vimondo, yaani usiku wa nyota nyingi zinazoanguka, malalamiko ya asubuhi yake yanafanana, awe anayelalamika ni wa Mikindani, Lindi mjini, Masasi au Newala. Mmoja hakuona kitu, mwingine aliona viwili akaambiwa vilikuwa mia, wa tatu simu yake ilimpa picha nyeusi tii. Ukiwahoji kidogo unakuta anga halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye saa, kwenye tarehe, au kwenye simu aliyokuwa ameishika mkononi usiku kucha.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea sana, kwa hiyo anza nayo. Na usikimbilie kuazima darubini. Darubini inaonyesha kipande kidogo mno cha anga, wakati kimondo kinaweza kupita popote. Vifaa ni mkeka, macho na shuka.

## "Nimekaa saa nzima, sijaona hata kimoja"

Saa. Tangazo limeandikwa 02:00. Mtu anatoka uani saa mbili usiku, anakaa mpaka saa tatu, anarudi ndani ananung'unika. 02:00 ni saa nane usiku. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linawapata hata wasomi, kwa sababu simu inasema namba moja na mdomo unasema nyingine. Kosa pacha lake ni saa za kigeni. Habari nyingi za vimondo huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Ukisoma "tarehe 13, 23:00 UTC", kwa Mtwara hiyo ni saa nane usiku, na tarehe imeshakuwa 14.

Karibu mvua zote kubwa za vimondo hunoga baada ya saa sita usiku. Dunia inakimbia kwenye njia yake kuzunguka jua, na kuanzia usiku wa manane sisi tunakuwa upande wa mbele. Dereva wa bodaboda wadudu humpiga usoni, si kisogoni. Jioni sisi ni kisogo.

Kwa huku kwetu Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, saa za kila mvua ya vimondo kwa jina lake ni hizi:

- Eta-Akwaridi, usiku wa kuamkia tarehe 5 au 6 Mei: kuanzia saa tisa usiku, bora zaidi saa kumi mpaka saa kumi na moja alfajiri.
- Delta-Akwaridi za kusini, kuelekea tarehe 30 Julai: saa sita mpaka saa kumi.
- Perseidi, usiku wa kuamkia 13 Agosti: kabla ya saa saba na robo usiku usijisumbue, kitovu chake, yaani pale angani vimondo vinakoonekana kutokea, hakijachomoza. Toka saa tisa.
- Orionidi, usiku wa kuamkia 21 au 22 Oktoba: saa nane mpaka alfajiri.
- Geminidi, usiku wa kuamkia 14 Desemba: hizi ndizo za asiyependa kukesha, kwani kitovu kinachomoza kabla ya saa tatu usiku. Hata hivyo utamu wake ni saa sita mpaka saa tisa na nusu.

Mwisho wa kuangalia ni rahisi kuujua: adhana ya Alfajiri. Wakati huo weupe wa kwanza wa mashariki unaanza na vimondo hafifu vinamezwa. Agosti inakuwa karibu saa kumi na moja na robo, Desemba mapema zaidi.

Usiku sio wenyewe. Ukiona tarehe 14 Desemba usitoke jioni ya tarehe 14. Usiku unaotakiwa ni wa kuamkia 14, yaani unatandika mkeka tarehe 13 jioni. Kwa Geminidi kosa hili ni ghali, kwa sababu baada ya kilele hupungua haraka mno. Perseidi zina huruma kidogo, siku moja mbili kabla na baada bado utaambulia. Eta-Akwaridi zina huruma zaidi, karibu wiki nzima.

Macho hayajazoea giza. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lianze kuona nyota hafifu. Ukifungua simu kusoma ujumbe mmoja tu, unaanza upya. Kwa hiyo anayechungulia simu kila baada ya dakika kumi hajawahi kuona giza usiku huo. Ukihitaji mwanga, funika tochi kwa plastiki nyekundu au kitambaa chekundu cha kanga kilichokunjwa mara mbili. Mwanga mwekundu hafifu hauliharibii jicho sana.

Uelekeo. Hapa Mtwara na Lindi tuna bahati ambayo watu hawaitumii. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwetu, nyuzi za longitudo karibu zilezile. Kwa hiyo kibla cha msikiti wowote wa mtaani ndiyo kaskazini yako, huhitaji dira. Geminidi na Perseidi zote kitovu chake kiko upande wa kibla: Geminidi karibu katikati ya kimo cha anga, Perseidi chini sana, nyuzi 20 hivi juu ya upeo. Eta-Akwaridi tazama mashariki. Delta-Akwaridi zinakaa karibu na utosi, lala chali tu.

Ila usikikodolee kitovu chenyewe. Vimondo vinavyotokea karibu na kitovu vina mkia mfupi. Vile virefu vinavyomfanya mtoto apige kelele hutokea pembeni yake, kwa hiyo tazama upande huo kwa jumla na uache macho yatawale nusu ya anga.

Kuna kitu kimeziba. Kwa Perseidi, mwembe mmoja upande wa kaskazini unatosha kukunyima usiku mzima. Hamisha mkeka. Kama uani kumebanwa na nyumba pande zote, omba uani kwa ndugu mwenye uwanja wazi.

Ukishakagua yote matano na bado hakuna kitu, subiri nusu saa nyingine. Vimondo havina ratiba. Vinaweza kupita vitatu ndani ya dakika moja, kisha robo saa kimya.

## "Walisema mia kwa saa, nimeona kumi"

Hapa hakuna hitilafu. Kuna namba iliyosomwa vibaya. Ile mia au mia na ishirini ni hesabu ya mtu wa kufikirika ambaye kitovu cha vimondo kiko juu ya utosi wake, anga lake ni jeusi kabisa, na anaona pande zote kwa mpigo. Kwetu kitovu cha Perseidi hakifiki juu hata kidogo, kwa hiyo katika mia utapata theluthi, tena ukiwa kijijini kusiko na taa. Ukiwa Mtwara mjini katikati, shukuru ukifikisha kumi.

Geminidi ndizo zinazotulipa vizuri: kitovu kinafika nyuzi 47, na kwenye giza la kweli nusu ya namba iliyotangazwa si ndoto. Eta-Akwaridi na Delta-Akwaridi ni za watu wa kusini mwa ikweta kama sisi, ingawa magazeti ya Ulaya huziandika kwa mistari miwili tu. Mtu anayetaka kuanza, kwa maoni yangu aanze na Eta-Akwaridi. Ni vumbi la nyotamkia ya Halley, linaingia angani kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde, na vimondo vyake huacha michirizi inayong'aa kwa sekunde kadhaa baada ya kimondo chenyewe kuzima. Orionidi za Oktoba nazo ni vumbi la Halley hiyohiyo.

Ukisoma popote kwamba Kwadrantidi za Januari zinafaa kuangaliwa, geuka ulale. Kitovu chake kwetu kinabaki chini mpaka alfajiri, na Januari kwetu ni mvua.

## "Nyota zimefifia, anga limekuwa jeupe"

Mwezi. Kagua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Inakwambia kila kitu:

- Tarehe 1 hadi 7: mwezi unazama kufikia saa sita usiku au kabla. Baada ya hapo anga ni lako.
- Tarehe 8 hadi 12: unachelewa kuzama, kati ya saa saba na saa kumi. Subiri uzame.
- Tarehe 13 hadi 20: usiku umeharibika. Utaona vile vikubwa tu.
- Tarehe 21 hadi 25: unachomoza usiku wa manane. Upe mgongo au kaa kwenye kivuli cha nyumba.
- Tarehe 26 kuendelea: hausumbui.

Desemba 2024 mwezi mpevu uliangukia tarehe 15, Geminidi zikaoshwa na mbalamwezi. Agosti 2026 ni kinyume chake: mwezi unafichika kabisa tarehe 12, siku ileile ya kupatwa kwa jua kule Ulaya, kwa hiyo usiku wa kuamkia 13 ni giza totoro. Desemba 2026 mwezi utakuwa mchanga na utazama kabla ya saa sita.

Wa pwani ana kipimo kingine cha bure. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hawapendi mbalamwezi. Ukiona taa zao zimetapakaa baharini, usiku huo unafaa.

Taa. Kwanza zima yako mwenyewe, maana wengi wanalaumu taa ya barabarani huku balbu ya barazani inawaka nyuma yao. Taa ya sola inayojiwasha yenyewe igeuze au ifunike kwa ndoo. Taa ya jirani: mwombe mapema mchana, mwambie ni ya usiku mmoja, na ikiwezekana mwalike na watoto wake. Akikataa, tundika shuka kwenye kamba ya nguo ili ikukinge. Unachohitaji ni mwanga usikupige machoni.

*Ishia hapo.* Usipande nguzo, usikate waya, usifungue kisanduku cha taa ya mtaani. Taa ya barabara ni kazi ya fundi mwenye dhamana, na waya wa nguzo unaua. Waya ukiwa umelala chini, usisogee. Piga simu TANESCO na uwazuie watoto.

Moshi na vumbi. Julai mpaka Oktoba watu wanasafisha mashamba na kuchoma. Moshi unatulia chini usiku upepo ukilala, na unaona nyota za utosini tu huku za pembeni zimepotea. Dawa ni kuinuka juu: aliye Lindi mjini akisogea vilimani ananufaika. Newala ni juu zaidi, lakini ukungu wa alfajiri unaweza kukufunika wakati huohuo. Na kwa wale wanaopenda kwenda ukingoni pa Shimo la Mungu, hukohuko Newala, kwa sababu ya uwazi wake: kaa mbali na ukingo. Mtu anayetazama juu gizani haoni anapokanyaga.

Wenye mikorosho wana jambo la ziada. Delta-Akwaridi na Perseidi zinaangukia msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na mabomba huwashwa alfajiri, umande upo na upepo umetulia. Ndio wakati huohuo umelala chali macho wazi. Ukisikia injini ya bomba upande unaotoka upepo, kunja mkeka uingie ndani. Salfa ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, usifikiche. Maumivu yakiendelea au uono ukibaki na ukungu, nenda hospitali.

Miwani au chumvi. Wa karibu na bahari, futa miwani. Unyevu wa chumvi hujenga utando usiouona mchana.

## "Mawingu yametanda"

Hili halina fundi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo Geminidi, zilizo bora kuliko zote, zinaangukia wakati mbaya. Julai, Agosti na Oktoba ndiyo miezi ya uhakika. Desemba angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni, kisha usikate tamaa kwa wingu la saa tatu. Weka kengele ya saa saba usiku, chungulia dirishani, na ukiona nyota hata upande mmoja toka. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 uhesabu kuwa akiba yako, usiungoje wa mwisho.

Radi ikianza, hata ya mbali, ingia ndani. Usijikinge chini ya mnazi wala mwembe.

## "Kuna kitu kimepita, sijui kama ndicho"

Kimondo mara nyingi ni cha sekunde moja au chini yake. Kikichukua dakika mbili kukatiza anga, bila kupepesa, ni setilaiti. Kikipepesa nyekundu na nyeupe ni ndege. Msururu wa nukta nyingi zilizofuatana kwa mstari ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Nyota kubwa inayong'aa bila kuondoka, magharibi jioni au mashariki alfajiri, ni Zuhura.

Kuna na vimondo vya mitaani, yaani visivyo vya mvua hiyo. Urudishe mchirizi nyuma kwa macho: usipoelekea kwenye kitovu, huyo ni mpita njia. Wazee watakuambia shetani kapigwa, nawe waache waseme. Mtoto akiuliza ni nini, mwambie ni punje ya vumbi, mara nyingi ndogo kama chembe ya mchanga, inayowaka kilomita 80 hadi 120 juu yetu. Kwa hiyo ondoa hofu ya kuangukiwa. Lile dude la chuma la Mbozi kule Songwe, lenye urefu wa mita tatu hivi, halikutoka kwenye mvua ya namna hii.

## "Simu haikamati kitu"

Video sahau, labda kipite kikubwa sana. Picha inawezekana kwa simu yenye sehemu ya Pro au ya usiku. Kagua kwa mpangilio huu: futa lenzi, zima flashi, tumia lenzi kuu na si ya kuvuta karibu. Simu isitikisike, mfuko wa mchele wa kilo moja juu ya kigoda unaishika vizuri kuliko mkono wa mtu yeyote. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 mpaka 3200, muda wa sekunde 15 hadi 20, fokasi kwenye alama ya mlima, na kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole kisitikise. Kisha piga mfululizo, moja baada ya nyingine, bila kuangalia kila picha. Utatupa nyingi.

Picha ikitoka nyeupe, punguza ISO. Nyota zikiwa mistari, punguza sekunde. Ukungu ukitokea katikati ya usiku ni umande umetua kwenye lenzi, futa kwa kitambaa kikavu. Simu ikichemka, izime ipumzike, na usiichaji ikiwa imelowa umande.

## "Macho yangu yana shida"

Mtu ambaye baada ya nusu saa gizani haoni hata nyota kubwa ambazo wenzake wanazionyesha, au anajikwaa kila giza likiingia, asiishie kwenye vimondo. Kwa mtoto inaweza kuwa upungufu wa vitamini A: mpeleke kliniki, na uulize kama amepata matone yake ya kila miezi sita. Kwa mtu mzima inaweza kuwa mtoto wa jicho au jambo la ndani zaidi.

Acha kila kitu uende hospitali siku hiyohiyo kama unaona mimeto ya mwanga hata ukifumba macho, hasa ikianza ghafla, ikaandamana na vidoa vyeusi vinavyoelea au kivuli kama pazia upande mmoja. Hivyo si vimondo. Ni dalili za pazia la ndani ya jicho kuchanika au kubanduka, na ukichelewa jicho linaweza kupotea. Anza na hospitali ya Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Dawa ya matone ya dukani haisaidii hapo.

## "Tulishindwa kukaa nje"

Mbu wa malaria anauma kuanzia usiku mpaka alfajiri, saa zilezile za vimondo. Soksi, mikono mirefu, dawa ya kupaka, na wajawazito na watoto wadogo wabaki kwenye chandarua waitwe kikipita kipindi kizuri. Moshi wa kufukuza mbu uwekwe upande usiotazama. Homa ikija wiki moja au mbili baadaye, nenda ukapime, usinunue dawa mseto kwa kubahatisha.

Kung'uta mkeka kabla ya kulala juu yake, vaa viatu ukienda chooni, mulika unapokanyaga hata kama inaharibu macho. Nge na nyoka hawana habari na Geminidi. Akiumwa mtu na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza; asitembeetembee, kiungo kisichezeshwe, na awahishwe kituo cha afya chenye dawa.

Kuhusu majirani: mtu aliyelala chali uani saa tisa usiku kimya kimya, ama ni mwizi ama ni mchawi, mpaka ithibitishwe vingine. Mwambie mjumbe wa mtaa mchana wake, na walinzi wa polisi jamii wajue. Kama mmepanga kwenda ufukweni au shambani, nendeni kundi, na msimwache mtu peke yake.

Na mkikuta asubuhi kipande cha chuma msichokijua shambani, hasa kama kimetengenezwa na binadamu, msikiokote wala kukigonga kwa jiwe kuona ndani kuna nini. Wekeni alama kwa mbali, mwiteni mtendaji wa kijiji, yeye awaite polisi.